Fito za Umurinzi

Nyakisasa, Ngara
31 Januari 1999

Kaka Matiasi,

Shikamoo. Recho anasema usisahau kandambili ulizomwahidi. Tumeamka salama, tumekula, na nina habari ambayo nimeshindwa kuiweka mpaka Pasaka uje nikwambie kwa mdomo.

Nimepata kiwanja! Tangu Faustini wangu afariki nimekaa uani kwa shemeji, na maneno ya pale unayajua. Sasa mwenyekiti ametugawia wajane na wasio na ardhi vile viwanja vya chini ya shimo la moramu, pale katapila lilipokuwa likichimba kifusi cha barabara ya kambi ya wakimbizi. Tuko kaya sita. Mimi nimepewa kile cha juu kabisa, kinachogusana na msitu wako.

Ndiyo, msitu wako. Watu wote wanauita hivyo. Mwenyekiti alisimama mkutanoni akasoma cheti: shimo limefukiwa, udongo umerudishwa, miti ya asili imeota kwa kiwango, imehesabiwa na Matiasi Sindayigaya, msimamizi wa miche. Jina lako alilitamka mara mbili. Mama Petronila akaninong'oneza, "Kumbe kaka yako ana jina refu hivyo kwenye karatasi, na rubisi anakunywa kama sisi!" Nilicheka mpaka mwenyekiti akanitazama.

Nilipoona umurinzi, mti wetu ule wa kwetu, umeshika majani mabichi kwenye ule mteremko, nikasema moyoni hapa ndipo. Unamkumbuka baba, tulipofika hapa kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili? Kabla ya nyumba alichomeka umurinzi. Palipo na umurinzi, alisema, pana mwenyewe. Haukatwi, haung'olewi, haupikiwi. Sasa nitalala chini yake.

Jumatatu nasimamisha nguzo. Barua hii anakuletea Fideli, utingo wa lori la maharage. Mpe jibu hapohapo, hana subira.

Mdogo wako,
Domisiana

*

Nyamahanga, Biharamulo
9 Februari 1999

Mdogo wangu Domisiana,

Marahaba. Mwalimu alitufundisha kuandika kwamba hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nimeyaandika maneno hayo miaka yote kama mtu anayekohoa tu. Leo nayaandika na hofu ni yangu kweli.

Usijenge pale.

Kuna nyoka. Tulipokuwa tunapanda tuliua swila wanne, wengine hatukuwaona walikoingia. Pia maji ya shimo yana kutu, watoto wataumwa matumbo. Mwambie mwenyekiti kwamba Recho ana kifua, vumbi la moramu halimfai, akupe kiwanja kingine hata kama ni kidogo, hata kama ni bondeni. Kama nguzo umeshasimamisha, zing'oe.

Usiniulize kwa nini. Mimi ni mkubwa wako na nimekuomba.

Jambo moja nifanyie. Panda mpaka juu, penye ukingo, utazame kama ardhi imepasuka. Kama kuna ufa, pima kwa kiganja uniandikie. Usimtume mtoto.

Kaka yako,
Matiasi

*

Nyakisasa
16 Februari 1999

Kaka,

Shikamoo. Nyumba imeisha. Nimeezeka kwa nyasi, mlango ni ule wa Faustini. Tumelala ndani siku tano, nyoka hatujamwona hata mmoja, labda wamesikia jina lako wakakimbia.

Barua yako niliisoma kwa sauti, nikafikiri ni ya kuchekesha. Mhoja alikuwepo. Huyu ni jirani, Msukuma wa Shinyanga, zizi lake liko ng'ambo ya barabara. Alisema, "Mama Recho, huyo kaka yako amepanda msitu mzima halafu anaogopa nyoka? Mwambie aje nimpe fimbo." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilipokuwa peke yangu sikucheka.

Kaka, niambie ukweli. Umesaini mwenyewe kwamba hapa ni pazima. Cheti kimebandikwa ofisini, kila mtu amekiona. Sasa dada yako kapata pa kulaza ubavu, unamwambia nenda bondeni ukaliwe na mbu. Au ulitaka kiwanja hiki uwekewe wewe? Sema tu, sitachukia.

Ufa upo. Niliutafuta kwa sababu uliniagiza. Uko juu, nyuma ya mti wa mwisho, unaenda na ukingo kama mshono wa gunia. Niliingiza mkono, ukafika kwenye kiwiko, chini bado pakavu na pana baridi. Vuli haukuwepo, nina hakika, maana nilipita pale kuokota kuni. Mhoja anasema ni jua tu, ardhi inapasuka kama visigino, mvua ikija utajifunga.

Nikipata wasiwasi naangalia umurinzi. Unachanua kaka, maua mekundu. Mti unaochanua mahali pabaya mimi sijauona.

Domisiana

*

Nyamahanga
23 Februari 1999

Domisiana,

Hakuna nyoka. Hakuna kutu. Nitakwambia, na ukishasoma, karatasi hii iingie motoni.

Shimo likishachimbwa, mkandarasi haachiwi aondoke hivihivi. Kuna kiwango. Kwanza udongo wa juu, ule mweusi, unatakiwa uwe umewekwa kando tangu siku ya kwanza, kisha urudishwe, kina chake mkono mpaka kiwiko. Halafu miti. Kila kipande cha hatua kumi kwa kumi kiwe na mashina hai kumi na sita, aina zisipungue tano, zote za hapahapa kwetu. Mninga, mlama, mgunga, na mingineyo. Siyo mkaratusi. Nyasi nazo ziwe za hapa. Na hesabu haipigwi mpaka masika mawili yapite, ili miti iwe imekufa kama ni ya kufa.

Bwana Theonest, yule bwana misitu, alinieleza sababu. Alisema, "Matiasi, majani ni ya macho. Mimi nahesabu mizizi, na mizizi siioni, kwa hiyo nakutegemea wewe." Alinitegemea mimi.

Udongo mweusi haukuwepo. Ulimwagwa barabarani mwaka wa tisini na tano, malori ya chakula cha wakimbizi yalipokuwa yanazama kwenye matope na kila mtu anapiga kelele haraka, haraka. Walipomaliza kuchimba, katapila lilisukuma kifusi kilichobaki likakiegemeza ukutani mwa shimo ili paonekane mteremko. Hakikushindiliwa. Ni kama umerundika mahindi ukutani ukasema ni ukuta. Niliona kwa macho yangu, nikapanda miche juu yake, sikusema.

Masika ya kwanza miche nusu ikafa. Kwenye fomu ya mwezi nikaandika imekufa michache. Mwezi uliofuata ikabidi nidanganye ili ilingane na ule uliopita. Masika ya pili yalipoisha, miti iliyobaki hai ningeweza kukutajia mmojammoja.

Oktoba ikaja barua kwamba Bwana Theonest anakuja kuhesabu. Wewe uliolewa na Mhangaza, mwenyeji, ukawa mtu wa hapa. Mimi sina karatasi ila barua ya kazi. Unakumbuka Hategekimana, tuliyekuja naye kutoka Burundi, aliyeishi hapa miaka sawa na mimi? Katika ule msako wa wageni wasio na karatasi walimkuta shambani, jembe mkononi. Aliwaambia, "Mimi nimezaa hapa, nimezika hapa." Wakamwambia, "Panda gari, utawaeleza kambini." Jembe lilibaki limelala kwenye tuta. Nikajua kazi ikiisha na barua imeisha, na mimi ndiye wa pili.

Nikachukua panga. Nilizunguka mipaka na nyua za watu, nikakata fito. Umurinzi kwa wingi, maana wenyewe hata ukiutupa kwenye rundo la kuni unatoa majani bila mzizi. Nikachanganya na umuvumu na mingine inayoota kwa kuchomekwa. Fito mia nne na kumi. Nilizichomeka peke yangu, siku mbili, kisha nikangoja wiki tatu zivae majani. Kile unachokiita msitu wangu ndicho hicho.

Bwana Theonest alikuja. Akapima vipande, akahesabu, akaniuliza, "Huu mnauitaje?" Nikasema umurinzi. "Mlinzi? Basi vizuri," akacheka, "kazi yake iko kwenye jina." Halafu akainama akaushika mmoja. Alitaka kuujaribu, Domisiana. Vidole vilikuwa vimeshaukamata.

Nikamwambia, "Bwana, samahani. Sisi mti huo hatuung'oi. Una wazee wetu."

Akauachia palepale. Akaniomba radhi, mimi! Yeye ni mtu mwenye adabu, hakutaka kunidharaulia desturi. Akaandika, akasaini, na mimi nikasaini chini yake.

Hilo ndilo linalonila. Kudanganya fomu wengi wamedanganya. Mimi nilimchukua baba, na mti aliotuliza nao mioyo yetu tukiwa hatuna hata sufuria, nikauweka mbele ya yule mtu kama mlango ili asiingie kuona. Na sasa wewe umeuona, ukaamini, ukaweka mtoto chini yake.

Kifusi kile kikishiba maji kitashuka. Hakina cha kukishika. Ufa wa kiwiko maana yake kimeshaanza kuondoka. Masika yako mlangoni.

Kama huniamini, ng'oa mmoja. Utajua mwenyewe.

Kisha hama. Usiseme sababu. Nakuomba kwa kaburi la mama, usimwambie mwenyekiti, usimwambie Mhoja. Wakijua nimekwisha. Wale wengine watano nitawatafutia njia, nipe siku chache nifikiri. Wewe toka kwanza.

Matiasi

*

Nyakisasa
3 Machi 1999

Matiasi,

Nilishindwa kuung'oa. Nilienda mara tatu. Mara ya tatu niliushika kwa mikono miwili, nikamwona baba, nikauachia. Hivyo ndivyo ulivyomfanya yule bwana, si ndiyo? Nawe ukaniambia mimi niung'oe.

Mhoja alinikuta hapo. Alikuwa anatafuta fito za banda la ndama. Akasema, "Mama Recho, mbona umeushika huo mti kama unaupa shikamoo?" Kabla sijajibu akaukamata kwa mkono mmoja akauvuta. Ulitoka kama kijiko kwenye uji. Chini hakuna kitu. Pamekatwa kwa panga, sawasawa, peusi, pameoza.

Akasema, "Huu si mti. Hii ni fimbo." Akang'oa wa pili, wa tatu. Wa tano alipoutoa hakuwa anacheka tena. Akanitazama, akaniuliza, "Kaka yako anajua?"

Nikasema hajui. Nikasema ni kiangazi, mizizi imekauka. Nimekudanganyia, kwa kaburi la mama ulilolitaja.

Nimehama. Mhoja amenipa pembeni ya zizi lake, tunalala na harufu ya ng'ombe, Recho amefurahi. Wenzangu niliwaambia ni nyoka, maneno yako yamenifaa. Wawili wamecheka. Mama Petronila amenikasirikia, anasema najitenga. Lakini juzi ameanza kutazama juu kila akitoka nje, na jana kamfuata Mhoja wakateta, na jioni amefunga mikeka akaenda kwa mwanawe. Wengine wanne wamemwona wakaondoka. Naona Mhoja amesema alichokiona, yeye hana kaka wa kumficha.

Amebaki mmoja. Na huyu ndiye sababu naandika.

Nyumba yangu haikukaa tupu hata siku mbili. Ameingia mwanamke mgeni, Nimpaye, ametoka Burundi mwezi uliopita akapita porini, hajafika kambini, anaogopa kuandikwa. Yuko na mama yake mzee asiyetembea, na binti mdogo, Keza. Nilimkuta anafagia. Alinishukuru, kaka. Alidhani nimemwachia kwa huruma. Nilimwambia pana nyoka. Akanijibu Kirundi chetu kile cha nyumbani, taratibu, "Mama, nimetoka kwenye watu. Nyoka ni nini?"

Halafu akanionyesha mteremko. "Nilipouona umurinzi," akasema, "nilijua hapa wapo wa kwetu."

Mhoja kamwambia alichokiona, lakini yeye haelewi Kiswahili chake. Mama yake hawezi kubebwa mbali kwa maneno ya nyoka. Akijua kweli ataondoka, hata kwa kumburuta. Niambie niseme. Mawingu yamekaa upande wa Rwanda tangu asubuhi. Niambie haraka.

Domisiana

*

Nyamahanga
7 Machi 1999

Domisiana, SEMA.

Mwambie sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mwambie ni mimi, mtajie jina. Mpelekee mwenyekiti karatasi hii nyingine niliyoikunja ndani, nimeandika yote na nimesaini. Mhoja alete mkokoteni ambebe mzee.

Barua yako nimeipata leo mchana. Huku imenyesha siku mbili. Fideli anasema daraja la chini limefunikwa, lori litasubiri maji yapungue. Nimemwambia ashuke avuke kwa miguu. Amesema, "Mzee, barua gani ya kunizamisha?" Nimemwambia ni ya kuokoa watu watatu. Amenitazama. "Basi kwa nini usivuke wewe?"

Kizuizini njia panda askari wanauliza karatasi. Hilo ndilo lilikuwa jibu na nimeona aibu kulitoa mdomoni.

Amekubali kujaribu kesho.

Matiasi

*

Nyakisasa
15 Machi 1999

Matiasi,

Barua yako ya tarehe saba imefika jana. Fideli alikaa ng'ambo ya maji siku sita. Usimlaumu.

Ilikuwa tarehe kumi, saa tisa mchana. Ilinyesha tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba sitangoja jibu lako, nikavaa gunia kichwani nikatoka. Nilikuwa naliona paa. Nilimwona Nimpaye amesimama barabarani na ndoo, amekwenda kukinga maji kwa Mhoja. Nikampungia mkono, naye akanipungia.

Hakukuwa na kishindo kama watu wanavyosimulia. Ule mteremko ulitembea. Miti ilikuja imesimama, kaka, na majani yake, kama watu wanaoshuka kutoka misa. Ikasimama ilipofika barabarani. Paa langu halikuonekana.

Tulichimba mpaka giza, na kesho yake. Mhoja alichimba mpaka kucha zikatoka. Mzee tulimpata amemkumbatia Keza.

Wamezikwa Ijumaa. Nimpaye hakulia. Baada ya watu kuondoka alinigeukia akaniuliza, "Mama, wewe ulihama kwa nini?"

Barua yako haikuwa imefika. Lakini sikuwa nahitaji barua ili niseme, hilo nimelijua sasa. Nilikuwa na siku saba. Nilifungua mdomo nikamwambia, "Nyoka."

Aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeelewa. Nadhani ameelewa.

Karatasi yako ya mwenyekiti ninayo. Sijaipeleka. Sikuiweka kwa kukulinda, usifikiri hivyo. Nataka kujua kama utaileta mwenyewe.

Domisiana

*

Nyamahanga
18 Machi 1999

Kwa Nimpaye, aliyeko zizini kwa Mhoja, Nyakisasa

Domisiana atakusomea kwa Kirundi. Nimemwandikia pembeni kwamba asipunguze neno.

Hunijui. Naitwa Matiasi Sindayigaya, umri wangu miaka hamsini na moja, nilivuka mpaka kama ulivyovuka wewe, mwaka wa sabini na mbili, na mama yangu mgongoni mwa baba. Mteremko uliomuua mama yako na mtoto wako niliuhesabu mimi. Niliandika kwamba una miti yenye mizizi. Haikuwa na mizizi. Nilizichomeka fito kwa mkono wangu, na nilichagua ule mti kwa sababu nilijua mtu kama mimi ataukuta na hatauliza. Bwana misitu hakuuliza. Dada yangu hakuuliza. Wewe uliuona ukasema wapo wa kwetu. Nilikuwepo kweli.

Domisiana alijua siku kumi. Alinyamaza kwa sababu mimi nilimkataza kwa kaburi la mama yetu. Alipoomba ruhusa ya kusema, nilimjibu kwa barua wakati nina miguu. Kama una hasira, hata nusu yake usimpe yeye.

Hapa Nyamahanga pia nina shimo, nimeajiriwa kulihesabu mwezi wa tano. Chini yake wanakaa watu wa kaya kumi na moja. Fito bado sijazichomeka, lakini nilikuwa nimeshaanza kuangalia nyua za watu. Jana nimezunguka nyumba zote kumi na moja, nimewaambia. Mwanamke mmoja alinitemea mate. Wengine walikuwa wanafunga mizigo kabla sijamaliza. Leo asubuhi nimeenda kwa Bwana Theonest ofisini, nikamweleza nikiwa nimesimama. Hakugombana. Aliuliza mara moja tu, "Ule wa wazee?" Nikasema ndiyo. Akaufunga mkono wake, ule alioushikia mti, akauweka chini ya meza. Ameandika kwa mkuu wake kwamba shimo la Nyakisasa halikufikia kiwango, na kwamba yeye alihesabu bila kuvuta hata mti mmoja. Nilimwomba asijitaje. Alinifukuza ofisini.

Kesho naondoka kwa miguu. Kizuizini nitasema nilikozaliwa. Wakinipakia garini, Domisiana anayo karatasi yangu, aipeleke kwa mwenyekiti, na asingoje ruhusa ya mtu. Wakiniachia, nitafika kwako Jumanne au Jumatano.

Sitakuomba unisamehe, maana ukikataa ni haki yako na ukikubali sitajua msamaha huo niuweke wapi. Nitasimama nje ya zizi. Mhoja asinipe kiti. Chochote utakachotaka kuniuliza, uliza, nami sitakwambia nyoka.

Matiasi Sindayigaya